Feni Nne na Sauti ya Yussuph

Watu wa Tukuyu wakimtaja Mwanahalima binti Zuber husema "yule fundi wa vifaranga", ingawa maisha yake yote hajafuga kuku hata mmoja. Anatengeneza mashine za kutotoleshea. Ni sanduku la mbao, balbu mbili, feni ndogo ya kutembeza hewa, na kibao cha themostati chenye namba nyekundu na waya mwembamba wa kupimia joto. Baridi ikiingia, themostati inawasha balbu. Joto likitimia, inazizima. Wanawake wa Nkunga na Mpuguso wanazipenda kwa sababu baridi ya huku haina huruma na mayai. Amekwisha kutengeneza zaidi ya mia moja, na husema kwamba mikono yake inaweza kufunga themostati hata kama yeye mwenyewe amesinzia.

Meza yake iko kwenye baraza ya duka la kushonea nguo, mahali palepale ambapo baba yake, mzee Zuber, alikaa miaka thelathini akifungua redio za watu. Mzee alitaka binti yake ajifunze cherehani. Binti alikaa na cherehani wiki moja, akaifungua kuona kinachoizungusha, na mambo yakaishia hapo.

Mumewe, Yussuph, ni mtu wa magulio. Huuza kanga na vitenge: leo Mpuguso, kesho Lupepo, siku ya tatu Nkunga, na mzigo wake nyuma ya bodaboda. Nilipohamia wilaya hii kufundisha nilimsikia kabla ya kumwona. Nilikuwa nimeshuka upande wa pili wa gulio, mvua ya manyunyu inaanguka, na sauti ya mtu ikawa inakuja juu ya vichwa vya watu wote, nene na yenye kicheko ndani yake, ikisema kuona hakulipiwi, njoo ushike, njoo unyooshe, kilichofumwa hakioni haya. Nilinunua kitenge ambacho sikukihitaji.

Wenzake walikuwa wameshaacha kuita kwa koo. Siku hizi muuzaji anarekodi maneno yake mara moja, anayaweka kwenye spika, spika inaita tangu asubuhi mpaka jioni, na yeye amekaa anakula mhindi. Yussuph aliwacheka. Alisema wamefuga kasuku.

Mwaka jana, wakati wa ukungu mwingi, sauti yake ilianza kukwaruza. Walidhani ni baridi. Alitafuna tangawizi, akanywa asali ya Rungwe, akajifunga shali. Mwezi wa pili ukapita, wa tatu ukapita. Alipokwenda hospitali alipelekwa kwenye nyingine kubwa zaidi, na huko daktari akamweleza kwa upole kwamba kuna saratani kwenye koromeo, kwamba wamewahi, na kwamba ili apone koromeo lote litatolewa. Atapumua kwa tundu shingoni. Ataishi, inshallah. Hatasema. Akapewa tarehe ya kulazwa Dar es Salaam.

Aliporudi nyumbani hakuongea siku mbili. Mwanahalima alidhani ni huzuni, na huzuni ilikuwemo, lakini siku ya tatu Yussuph alimwambia kwamba alikuwa anajaribu kuona inakuwaje. Alikuwa amekwenda sokoni na kurudi bila neno hata moja. Watu walimwuzia nyanya mbovu.

Wazo la spika lilikuwa la mke. Hakulisema mara moja, kwa kuwa alijua neno la kasuku lingemrudia mwenyewe aliyelisema. Alilisema wakiwa wanakunja vitenge, macho yake kwenye kazi.

"Ukirekodi sauti yako, atakuwa si kasuku," alisema. "Atakuwa wewe."

Yussuph alikunja kitenge kimoja, akakikunjua, akakikunja upya. Halafu akauliza spika itajuaje lini iseme karibu na lini iseme kwaheri. Mkewe akajibu kwamba hilo ni la fundi. Angemtengenezea kisanduku chenye vitufe ishirini, kila kitufe na neno lake, anabonyeza kwa kidole kulingana na mteja.

"Ishirini tu?"

"Unayosema ni kumi na mawili. Mengine unarudia."

Basi wakachukua daftari la binti yao Nusrat, aliyekuwa bwenini, wakaandika maneno ishirini. Kuita watu. Kumkaribisha mwanamke, kumkaribisha mzee. Kumwambia mtu kitenge hakichuji. Haishuki, mama, hapo nimefika chini. Umependeza. Ndaga fijo, kwa wale wanaopenda kushukuriwa kwa Kinyakyusa. Bei walikubaliana zisirekodiwe kwa sababu bei haikai. Hizo angezionyesha kwa vidole. Namba ishirini ilikuwa ule mwito wake mrefu wa gulio, ambao aliusema kwa pumzi chache, mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayeteremka mlima.

Walijaribu kwanza na simu, chumbani, madirisha yamefungwa. Sauti ya Yussuph wakati huo ilikuwa imeshuka sana, karibu na mnong'ono. Waliposikiliza kwenye simu haikuwa mbaya. Walipoiunganisha na spika na kuongeza sauti, ikatoka mvua, ikatoka jogoo wa jirani, ikatoka upepo kwenye bati, na Yussuph katikati yao kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Ukipandisha sauti ndogo, unapandisha na kila kilichokaa nayo chumba kimoja. Palihitajika mahali pa kimya kabisa na maikrofoni ya kweli, na kwa Tukuyu hiyo ni studio ya Asukile.

Asukile hurekodi kwaya. Studio yake ni chumba kimoja nyuma ya nyumba, kuta zote zimebandikwa trei za mayai ili mwangwi usirudi. Maikrofoni anayo nzuri, aliinunua kwa michango ya kwaya ya wafanyakazi wa kiwanda cha chai. Tatizo lilikuwa kompyuta. Bati la kompyuta ile lilikuwa limeliwa na kutu ya unyevu, akamwambia seremala amtengenezee sanduku la mbao za paini, lenye mlango na bawaba, zuri kama kabati la vyombo. Ndani yake akabandika blanketi, na juu ya blanketi trei za mayai, ili mngurumo usitoke. Kwa hewa alitoboa matundu mawili yanayoingia kidole. Kisha akachukua feni nne kutoka kompyuta zilizokufa, akazifunga zote kwenye pini moja ya kibao kikuu, ambayo imetengenezwa kulisha feni moja. Pini ikaungua. Tangu hapo mashine ilikuwa ikizimika kila baada ya nusu saa hivi, na kwaya tatu zilikuwa zinamdai nyimbo.

Alipoulizwa na Mwanahalima kwa nini alilivalisha sanduku blanketi, alishangaa kweli.

"Dada, Tukuyu hapa? Kitu gani kitapata joto?"

Walipatana bila maneno mengi. Yeye atengeneze feni, Asukile amrekodi Yussuph. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Basi la Dar es Salaam lilikuwa limekatiwa tiketi ya Jumapili.

Mwanahalima alifanya kazi siku mbili. Kwa kuwa pini ilikuwa imeungua, kompyuta yenyewe isingeweza tena kuzilisha feni wala kuziamrisha. Umeme aliutoa kwenye kisanduku cha umeme cha mashine, kwenye waya wa njano unaobeba volti kumi na mbili, unaoweza kubeba feni hata kumi bila kuona uzito. Hilo lilimaliza habari ya chakula. Ilibaki habari ya amri, maana feni nne zikizunguka kwa nguvu zote zilipiga kelele kama mashine ya kusaga. Alitaka zizunguke pale tu zinapohitajika. Rafuni kwake palikuwa na themostati aliyoitenga kwa mteja wa Nkunga. Akaichukua. Akabandika ule waya wa kupimia kwenye chuma kinachokaa juu ya prosesa, kichwa cha kompyuta, mahali panapopata joto kuliko pengine pote, akapitisha umeme wa feni zote nne kwenye swichi ya themostati, akaweka namba arobaini.

Jumatano asubuhi walikwenda pamoja. Chumba kilikuwa baridi, pumzi zao zilionekana. Kompyuta ilipowashwa feni zote nne zikaanza mara moja, na Mwanahalima akatabasamu kwa kuona waya zake zote zimeshika. Asukile alikunja uso. Alisema kelele ile hata shetani asingerekodi. Mwanahalima akamwambia asubiri, zitatulia zenyewe. Kwa nini alikuwa na hakika hiyo, hakuweza kunieleza baadaye. Mashine zake zote hutulia joto likitimia. Ndivyo alivyozizoea.

Na kweli zikatulia. Asukile alipofungua programu ya kurekodi, kompyuta ikaanza kufanya kazi, namba nyekundu zikapanda taratibu, thelathini na nne, thelathini na nane, na zilipofika arobaini palisikika mlio mdogo, na feni zote zikasimama. Kikaja kimya ambacho Mwanahalima anasema hajapata kukisikia ndani ya nyumba. Asukile alivaa spika za masikioni, akafumba macho, akainua kidole gumba.

"Dada yangu," alisema, "kwaya ya malaika haijakaa kimya namna hii."

Yussuph alirekodi nusu saa na zaidi. Alikuwa amejiandaa tangu juzi yake, hakusema na mtu, alikunywa uji na maji ya uvuguvugu tu. Alisema kila neno mara tatu ili wachague. Lile la "umependeza" alilisema akimtazama mkewe, na mkewe akatazama ukutani. Alipofika kwenye mwito mrefu alisimama, kwa sababu hawezi kuita akiwa amekaa, na sauti ikamjia, si ile ya zamani, lakini ndugu yake. Alikuwa katikati yake kioo kilipozimika. Hakuna mlio, hakuna moshi. Cheusi tu.

Asukile alipofungua sanduku joto lilimpiga usoni kama la tanuri ya mkate. Walisubiri ipoe, wakaiwasha. Faili lilikuwepo, na jina lake, na tarehe yake. Ndani hapakuwa na kitu.

Mwanahalima aliniambia kwamba alitegemea mumewe aseme kitu, na akamwona anafungua kinywa, na akaelewa kwamba hakuna kinachotoka. Alikuwa amekitumia chote. Daktari alikuwa amemwonya asiikaze sauti, na sasa alikuwa ameikaza nusu saa nzima kwa ajili ya kioo cheusi. Alishika koo lake kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akampungia Asukile kwamba si kitu. Wakarudi nyumbani kwa miguu, manyunyu yakiwaandama.



Alhamisi, baada ya chai ya asubuhi, Mwanahalima alikwenda kwa Asukile peke yake, akafungua themostati na feni moja, akavileta barazani kwake. Alikwishakagua waya zote na hazikuwa na kosa. Hakujua atafute nini. Alijimiminia chai nyingine, kikombe kikawa mezani kinatoa mvuke. Akauchukua ule waya wa kupimia akautumbukiza kwenye chai. Namba zikapanda. Zilipofika arobaini feni ikasimama. Akautoa, akaupuliza. Namba zikashuka, na feni ikazunguka. Akautumbukiza tena.

Mara ya tatu alikaa chini.

Themostati ile ina namna mbili za kupangwa: ya kupasha na ya kupoza. Ya kupasha huwasha kukiwa baridi na kuzima kukipata joto. Ya kupoza ni kinyume chake. Katika mashine zaidi ya mia moja hakuwahi hata siku moja kuitumia ya pili, na mikono yake, ikiwa imesinzia kama anavyosema, iliipanga kama ilivyozoea. Feni zilizunguka wakati wa baridi, ambapo hazikuwa na kazi, na kompyuta ilipopata joto zikaiacha. Kile kimya walichokishangilia kilikuwa ni kompyuta inakata roho. Alikuwa ameiatamia kama yai.

Alikwenda nyumbani kumwambia. Yussuph alikuwa amekaa jikoni karibu na moto, shali shingoni, amejikataza kusema mpaka Jumamosi, ili wajaribu tena kabla ya basi. Mwanahalima alisimama mlangoni akaeleza yote, tangu chai mpaka namna mbili za kupangwa, na akasema kwamba kosa si la Asukile wala la blanketi, ni lake, kwamba sauti ya mume wake ameipoteza yeye kwa mikono yake. Alipomaliza alikuwa analia. Yussuph alilivuta daftari la Nusrat, akaandika kwa utaratibu, akamgeuzia.

Aliandika: "Kifaranga ametoka?"

Mwanahalima aliniambia kwamba alicheka mpaka akaegemea ukuta, huku bado analia, na kwamba Yussuph naye alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, na hapo ndipo alipoona kwa mara ya kwanza atakavyocheka miaka yote iliyobaki.

Kugeuza themostati lilikuwa jambo la dakika moja. Lakini sasa palikuwa na shida nyingine, iliyo ya kweli: ikipangwa kupoza, itawasha feni kompyuta ikipata joto, na kompyuta inapata joto inaporekodi. Kelele ingeingia palepale panapotakiwa kimya. Siku nzima ya Alhamisi na asubuhi ya Ijumaa alishinda kwenye sanduku lile. Alibandua trei za mayai na blanketi lote. Alimleta seremala akate dirisha chini, upande wa mbele, na jingine juu, nyuma, kwa kuwa hewa ya moto hupanda yenyewe ukiipa mlango. Akayafunika kwa kipande cha chandarua, wadudu na vumbi visiingie. Katika feni nne alichagua mbili, kubwa kama sahani, akazifunga kwa mfululizo, umeme upite kwanza kwenye moja ndipo uende kwenye nyingine, hivyo kila moja ikapata volti sita badala ya kumi na mbili. Zikazunguka polepole kama zinazofikiria. Ukiweka sikio kwenye mbao ulisikia kama mtu anapumua amelala. Moja ilikataa kuanza kwa umeme mdogo kiasi kile, akaitupa, akatafuta nyingine kwenye mabaki. Hizo zizunguke muda wote.

Feni ya tatu, ndogo na yenye kelele, ile inayokaa juu ya kichwa chenyewe, aliirudisha kwenye themostati, iwake ifikapo sitini. Na kwenye waya wake akakata na kuweka swichi ya kawaida ya ukutani, ya kuwashia taa. Mtu akisema, swichi inazimwa. Akipumzika, inawashwa. Asukile aliuliza nani atakaa na swichi hiyo.

"Mimi," alisema Mwanahalima.

Ijumaa alasiri, baada ya sala, alifanya jambo moja zaidi ambalo Asukile aliliona kama wazimu. Alizima feni ndogo kwa makusudi, akaipa kompyuta kazi, akakaa kuangalia namba nyekundu mpaka mashine ikazimika. Ilizimika kwenye themanini na sita. Akaiacha ipoe, akarudia. Themanini na sita. Akaandika namba hiyo kwenye kiganja cha mkono wake kwa kalamu.

Jumamosi ilikuwa zamu ya kwaya ya kiwanda cha chai. Walikuwa wamengoja miezi. Asukile aliwaeleza habari, na mwalimu wao, mtu mkimya aitwaye Lutufyo, akasema wataanza mchana. Hata hivyo walikuja asubuhi, wakakaa kwenye ukuta wa nje, watu kumi na wanane na majoho yao ndani ya mifuko ya plastiki, na hakuna aliyekohoa.

Yussuph alisema namba moja mpaka namba kumi, kila neno mara moja tu. Asukile alihifadhi baada ya kila neno. Namba nyekundu zilipofika sitini Mwanahalima aliinua mkono, Yussuph akanyamaza, swichi ikawashwa, feni ndogo ikapiga kelele, na Yussuph akanywa maji ya uvuguvugu. Namba zikashuka. Akaizima. Wakaendelea. Walikuwa wanapumzika pamoja, mtu na mashine, na Mwanahalima kati yao kidole kwenye swichi. Kufikia namba kumi na tisa sauti ilikuwa imebaki nyembamba sana. Asukile alisema kwa ishara kwamba hayo yanatosha. Yussuph akatikisa kichwa, akasimama.

Mwito wake ule huanza chini. Alianza, na mwanzoni ulikuwa mkwaruzo tu, na Mwanahalima alimwona akifumba macho na kuweka mkono sikioni kama anavyofanya akiwa gulioni. Kisha, anasema, ikaja. Hajui ilitoka wapi. Sauti nene, yenye kicheko ndani yake, ile niliyoisikia mimi juu ya vichwa vya watu. Ikaja yote, na Yussuph akaifuata kama mtu anayefuata mtoto wake barabarani asimpoteze. Kuona hakulipiwi. Njoo ushike.

Namba zilikuwa hamsini na saba alipoanza. Sitini. Sitini na tatu. Asukile alimtazama Mwanahalima. Sitini na tisa. Asukile akaonyesha swichi kwa kidole. Mwanahalima akakunja kiganja chake na kukifungua, akasoma pale alipoandika, na akauondoa mkono kwenye swichi akauweka magotini. Sabini na mbili. Zile feni mbili kubwa ziliendelea na pumzi zao. Sabini na tano, na Yussuph sasa yuko mwishoni, pale anapoyarefusha maneno. Sabini na nane. Neno la mwisho likatoka, likakaa chumbani kidogo, likaisha, na Mwanahalima akahesabu moja, mbili, tatu ili kimya nacho kirekodiwe, ndipo akawasha.

Faili lilifunguka. Lilikuwa limejaa.

Wale wa kwaya hawakuwa wameambiwa chochote, lakini walikuwa wamesikia kupitia ukutani. Yussuph alipotoka walisimama, mmoja mmoja wakampa mkono, naye akawapa wote kumi na wanane. Jumapili alfajiri walipanda basi.

Sasa ni mwezi wa tano tangu arudi. Shingoni hufunga kitambaa chepesi juu ya tundu, na amenenepa kidogo. Nilikwenda gulio la Mpuguso wiki iliyopita, nikamkuta kwenye nafasi yake, spika juu ya nguzo, kisanduku cha vitufe kikining'inia kifuani. Mwanahalima humsindikiza siku ambazo hana kazi nyingi. Sauti ilikuwa inaita, safi, haina mvua wala upepo wala mngurumo, na mtu asiyejua angedhani ni Yussuph amekunywa asali.

Mwanamke mzee kutoka Lupepo alikuwa ameshika kitenge cha bluu. Alitaja bei yake. Yussuph akabonyeza, na spika ikasema, "Haishuki, mama, hapo nimefika chini." Mzee akacheka, akaongeza kidogo. Yussuph akabonyeza tena, kwa sababu ndivyo mchezo unavyochezwa, na spika ikasema maneno yaleyale kwa sauti ileile. Mzee akangoja. Akaongeza kidogo sana, akangoja tena, kichwa ameinamisha upande.

"Umekuwa mgumu, mwanangu," alisema. "Zamani mara ya tatu ulikuwa unalegea. Ulikuwa unasema, haya mama, chukua."

Yussuph alitazama vitufe vyake. Vyote ishirini anavijua, lakini alivitazama, kimoja kimoja, kisha akamtazama mkewe. Hawakuwa wamelirekodi hilo. Walipoandika kwenye daftari walikumbuka kila anachosema ili auze, na hakuna aliyekumbuka namna anavyokubali kushindwa. Alifungua kinywa, kwa mazoea, na kitambaa shingoni kikapepea.

Basi akakikunja kitenge mara nne, akakitia mwenyewe ndani ya kapu la mzee, akainua vidole kumwonyesha bei, ile ya mzee. Mzee alimshika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia haraka. Mwanahalima akainama chini ya meza kuangalia betri ya spika, ambayo haikuwa na tatizo lolote, akakaa huko kidogo.